Sifa za Chawa wa Mpakani

Wapo wanaomsifu simba, wapo wanaoisifu kahawa ya Mbozi. Mimi leo namsifu chawa. Simzungumzii yule anayefanya watoto wa shule wanyolewe vipara, ingawa naye anastahili heshima yake: hana mabawa, hawezi kuruka, na bado amefika utosini kwa miguu yake mwenyewe. Namzungumzia chawa wa mjini, anayeishi kwa kumsifu mwenye nazo. Kazi yake inaitwa uchawa, na aliyebobea ni chawa promax.

Jina hilo lingekuwa tusi kwa babu zetu. Leo ni cheo. Msanii Baba Levo alijiita chawa wa mwanamuziki Diamond Platnumz bila kupepesa macho, na kwenye siasa kuna kundi zima linalojiita Chawa wa Mama, yaani wa Rais.

Hapa Tunduma chawa ananawiri. Malori ya Zambia na Kongo yanapanga foleni ndefu, na penye foleni hapakosi mabosi: mwenye malori, wakala wa forodha, mnunuzi wa mahindi. Bosi hajafunga mlango wa gari, chawa keshapokea mkoba. “Tajiri! Mji huu bila wewe si kitu!” Atamwamkia shikamoo kijana wa kumzaa. Atacheka kabla utani haujaisha, kisha atacheka tena ukiisha. Mpaka nao haumsumbui: asubuhi anasifu kwa Kinyamwanga, jioni yuko Nakonde, upande wa Zambia, anasifu kwa Kibemba, kama wauza kwacha wanavyobadilisha noti.

Tena ana kipimajoto. Chawa wa mwili, ambaye Charles Nicolle aligundua mwaka 1909 kuwa ndiye anayesambaza homa ya tifasi, humhama mtu mwenye homa kali, na humhama maiti akianza kupoa. Wetu ni hodari zaidi. Habari za deni la bosi hazijafika hata sokoni, yeye keshahamia meza ya pili, na zile sifa ni zilezile, jina tu limebadilika. Kwa nini tusimshukuru? Tangu mkoa wetu wa Songwe umegwe kutoka Mbeya mwaka 2016, ofisi zimeongezeka, na kila ofisi mpya ni kichwa kipya. Ukitaka kujua nani atapita kwenye kura za maoni, usisumbuke kusikiliza hotuba. Tazama chawa wanapanda wapi.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Bosi anavyo kumi, lakini vyote viko kazini, vinahesabu noti za kumtuza.

Chawa wa kichwani akianguka chini hufa ndani ya siku moja au mbili kwa kukosa damu. Basi waheshimiwa wa Tunduma, Vwawa na Mlowo, mkitaka kujua kama mnapendwa kweli, jaribuni kutompa chawa wenu hata mia kwa siku mbili.