Shangingi la Wikiendi

Baba watoto anataka V8, Land Cruiser ya toleo la 200, yale mashangingi ya waheshimiwa. Hoja yake ni usalama wa watoto. Watoto wenyewe ni wawili, shule wanaiendea kwa miguu, na yule mdogo hutapika katika kila gari, liwe na injini kubwa au ndogo.

Mweka hazina wa nyumba ni mimi, basi nikadai hesabu. Akafungua kikokotoo cha TRA huku akitabasamu. Ushuru wa forodha asilimia 25. Ushuru wa bidhaa asilimia 10, kwa kuwa injini inazidi cc 2,000. Nyongeza ya uchakavu, maana gari limeshapita miaka minane. Kisha VAT asilimia 18 juu ya mzigo wote huo, yaani hata kodi inalipiwa kodi. Tabasamu liliishia kwenye uchakavu.

"Lakini mama, ile ada ya gari ya kila mwaka si ilifutwa 2017?"

Ilifutwa, ikahamishiwa kwenye mafuta. Na matangi mawili ya V8 ya dizeli hubeba lita 138. Tuseme lita ni shilingi 3,000: kulijaza ni shilingi 414,000, halafu ukakae nalo kwenye foleni ya Mandela likinguruma bila kwenda popote. IST yetu ya cc 1,300 nayo hukaa kwenye foleni hiyohiyo, ila kwa adabu.

Bahati mbaya shemeji akasafiri kikazi, akatuachia shangingi lake kwa wikiendi. Ijumaa jioni likagoma kupita getini. Geti letu la Tabata lilijengwa kwa kipimo cha IST. Vioo vikakunjwa, jirani akasimama nyuma akiimba "njoo, njoo, njoo" mpaka nguzo ya kushoto ikapukutika plasta. Likalala nje, nasi tukamlipa mlinzi wa jirani alitazame, kwa sababu taa za magari hayo zina tabia ya kuondoka usiku peke yake.

Kesho yake nikaenda nalo sokoni. Muuza samaki aliyezoea kuniita dada akaniita mheshimiwa, na changu wakapanda cheo pamoja nami. Fundi bomba, ambaye nimemtafuta tangu mfungo, akajileta mwenyewe akiwa na makadirio mapya.

Jumapili akaja katibu wa kamati ya harusi ya kijana wa mtaani. Tulikuwa tumeahidi elfu hamsini. Akalizunguka gari taratibu, akairudisha kadi yetu kwenye bahasha, akatoa nyingine: laki tano. Nikamweleza kwamba gari ni la shemeji.

"Wenye nazo wote husema hivyo, mama," akajibu, akaniwekea kalamu mkononi.

Kikokotoo cha TRA kinajua cc na umri wa gari. Hakijui kamati za harusi, wala ami wa kijijini aliyepata habari kabla V8 haijarudishwa kwa mwenyewe na tayari anaulizia mabati.

Baba watoto sasa amehamia kwenye Harrier. Naye nimemjibu: kwanza nguzo ya geti, kisha ada ya muhula, halafu tuongee. IST inabaki. Na wewe katibu, kama unasoma hapa, ahadi yetu ni elfu hamsini ileile.