Mzee Maneti Anajibu: Nani Mkubwa Katika Ukoo wa Mega Man?

Mzee, yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, anasema katika matawi yote ya Mega Man hakuna kama Zero. Mimi nasema X. Tangu Jumapili hatusalimiani, na tunalala chumba kimoja.
— Mdogo Mtu, Mudzipela

Mwanangu, Mega Man ni mchezo wa video wa mtu mmoja. Mmewezaje kuupigania wawili?

Haya, tupime kwa kipimo cha mji wetu wa Bunia: umeme ukikatika saa mbili usiku, unabaki na nini? Babu wa ukoo, Mega Man ya 1987, hakuachii kitu. Haina namna ya kuhifadhi safari yako. Taa zikirudi unaanza upya. Mega Man 2, iliyotoka mwaka uliofuata, ikaleta neno la siri: vidoto ndani ya miraba 25, unavichora nyuma ya daftari la hesabu. Mega Man X ya 1993 ikarahisisha, tarakimu 12 tu, zinaenea kiganjani. Zero yenyewe ilitoka 2002 kwenye Game Boy Advance, mashine ya kushika mkononi inayotumia betri mbili ndogo, kwa hiyo haina habari na taa za mtaa wenu. Kwa hesabu hiyo yaya ameshinda.

Usilie bado. Zero ina tabia ya kukupa alama kila unapomaliza kazi, kama siku ya kusoma matokeo shuleni mbele ya wazazi wote. Ukiwatumia wale viumbe wadogo waliowekwa kukusaidia, alama zinashuka. Sasa waliwekwa wa nini? X haikusimangi. Inakufundisha bila kufungua mdomo: ukimpiga adui Storm Eagle kwanza, meli yake ya angani inaangukia kwa mwenzake Spark Mandrill, kwenye kituo cha umeme, na ukifika huko unakuta umeme uliokuwa ukitambaa sakafuni umekufa. Ni mchezo pekee ninaoujua ambamo kukatika kwa umeme ni zawadi! Silaha ya barafu ya adui mwingine, Chill Penguin, nayo inamgandisha huyohuyo Mandrill, na hakuna aliyekuambia, umejaribu, ukaona.

Basi X mbele, Zero nyuma yake, kisha wazee wa zamani. ZX ya 2006 ifuate kwa mbali, maana ramani yake inachosha hata aliyezaliwa na dira. Yaya wako ni mkubwa: msalimie wewe kwanza.

Mzee, nimekwama kwenye X6. Je, mimi ni mjinga?
— Aliyechoka, Lumumba

Hapana. Keiji Inafune, mtayarishaji wa mfululizo huo, alitaka hadithi ya X iishie kwenye ya tano, mwaka 2000. Mwaka mmoja baadaye ya sita ikatoka bila yeye. Rudi X4, upumzike.

Mzee, mchumba wangu anasema Battle Network inazipita zote. Niendelee na mahari?
— Mwenye Mashaka, Bankoko

Battle Network ya 2001 haimo katika foleni hii. Humo hakuna kuruka mashimo. Kuna miraba 18, tisa yako na tisa ya adui, na chipu unazochagua kabla ya kupiga. Amekosea shindano, hajakosea akili. Mwanamke anayepanga chipu zake hivyo atapanga na faranga zako. Lipa mahari haraka kabla hajagundua wewe unacheza nini.

Mzee, nangojea Legends 3 tangu nikiwa sekondari. Sasa nina mke na watoto, na konsoli nimeificha juu ya kabati.
— Mvumilivu, Nyakasanza

Hapa nakaa kitako. Legends ya 1997 wengi huiweka mkiani, eti si ya kuruka na kupiga kama nyingine. Mimi naipandisha juu ya ZX, na sababu ni ya mkoa wetu wa Ituri kabisa: shujaa wake ni mchimbaji. Anashuka kwenye magofu chini ya ardhi kutafuta vito vinavyoendesha dunia nzima, na juu wanamngoja maharamia. Mtu wa machimbo ya Mongbwalu hahitaji kuelezwa zaidi.

Lakini Legends 2, mwaka 2000, ilimwacha shujaa angani. Kampuni ya Capcom ikatangaza ya tatu mwaka 2010, na Julai 2011 ikaifuta.

Teremsha konsoli. Watoto hawajui kwamba hadithi imekatwa. Waache wafike angani wenyewe, ndipo uanze kuwatafutia maelezo.