Land Rover ya Baba Sebuleni

Sebule yetu ya Kaptembwo inatosha makochi mawili, meza na kabati la vyombo. Mwaka mmoja, kwa muda mrefu, ilibeba pia waya zote za Land Rover ya mwaka 1969, zikiwa zimetandazwa kuanzia mlangoni hadi chini ya kabati. Mgeni akija, mama alimpokea mlangoni kwa maneno yale yale: "Karibu, lakini usikanyage."

Gari lenyewe lilikuwa uani, katikati ya ploti, wapangaji wakianika nguo kulizunguka. Baba alilirithi kwa babu, naye hulipandisha Mau Narok kuchukua viazi. Usiku mmoja akiteremka na mzigo, taa za mbele zilizimika ghafla na moshi ukafuka chini ya dashibodi. Aliruka nje, akachomoa betri. Hapo ndipo gari lilipopona. Katika Land Rover za enzi hizo taa za mbele hazipiti kwenye fyuzi yoyote: kisanduku kina fyuzi mbili tu, na zote zinalinda vitu vingine. Waya wa taa ukigusa bodi, hakuna kinachokata moto. Waya wenyewe unawaka, na unazichoma zile za jirani zilizofungwa nao pamoja.

Asubuhi tulikiona chanzo. Fundi fulani wa miaka ya nyuma alikuwa ameunga kipande cha waya wa nyumba, ule wenye uzi mmoja mnene wa shaba. Ukutani hauna neno, kwani ukuta hautikisiki. Lakini gari hutetemeka mchana kutwa, na uzi mmoja hukunjwa pale pale mpaka unakatika. Waya wa gari husukwa kwa nyuzi nyingi: wa Land Rover hii una nyuzi 14 au 28, kila uzi ukiwa na unene wa takriban milimita 0.3. Hiyo ndiyo siri ya kuvumilia barabara mbovu.

"Nitaweka waya wake wa haki," baba alisema, "au silipandi tena."

Kumbe kuupata waya huo ndiko kulikokuwa na kazi. Madukani mjini aliuziwa mwekundu na mweusi, tena mwembamba wa spika. Kwa wavunja magari, kila alichokiona kilikuwa cha Kijapani. Si ajabu: Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililopita umri wa miaka minane, kwa hiyo hakuna Land Rover kuukuu inayoteremka Mombasa kuja kuvunjwa. Zilizopo ni zile zilizokuwa hapa tangu zamani, na wenye nazo hawaachi hata skrubu. Ncha za waya nazo hazikulingana. Za Toyota ni bapa, zimechomekwa kwenye plastiki. Zetu ni za shaba, za mviringo kama risasi, zinazosukumwa ndani ya kijibomba.

Aliyetufungua macho ni mjomba kutoka Njoro, aliyekuja kwa shughuli nyingine kabisa.

"Shemeji, mbona unatafuta kwenye magari? Nenda kwenye matrekta."

Nalipenda jibu hilo hadi leo. Kampuni ya Lucas ya Birmingham ndiyo iliyotengeneza vifaa vya umeme vya magari mengi ya Kiingereza, na pia vya matrekta ya Kiingereza. Mashamba ya ngano ya Njoro yamelimwa miaka mingi kwa Massey Ferguson, na matrekta mengine yamesimama nyuma ya mabanda, majani yameota hadi kwenye usukani. Huko baba alipata ncha za risasi, vijibomba vyake vya mpira, na swichi iliyofanana na yake. Waya wa buluu ulitoka Nairobi, Kirinyaga Road, ambako wazee bado hukuita Grogan. Uliletwa na matatu ndani ya mfuko wa unga.

Ndipo shangazi akaja kututembelea.

Baba alikuwa amefunga kipande cha karatasi ya daftari kwenye kila ncha: hii ya honi, hii ya waipa. Sisi tulikuwa sokoni. Shangazi, mwanamke asiyevumilia vumbi, akapiga deki kwa ndoo nzima ya maji. Tuliporudi, karatasi zilikuwa zimelowa, wino umetawanyika, nyingine zimo ndani ya dekio.

"Wifi, umefanya nini?" mama aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nimekuta takataka, wifi. Nimezitoa."

Baba aliketi sakafuni bila kusema kitu. Kisha akachukua kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, akafungua utepe, akafuta masizi. Ndani, rangi zilikuwa hai. Kahawia ni moto wa betri wakati wote. Nyeupe huamka ufunguo ukizungushwa. Kijani ni ule uliokwisha kupita kwenye fyuzi. Nyeusi ni athi. Nyekundu ni taa ndogo. Buluu ni taa za mbele: ikiwa na mstari mweupe ni fulu, mstari mwekundu ni dimu. Shangazi alishika tochi, na kufika usiku alikuwa akizitaja kabla ya baba.

Ubishi ulibaki kwenye fyuzi. Ya zamani iliandikwa 35, na baba alinunua ya kisasa ya 35. Mjomba akaikataa. Lucas waliandika kiwango cha kukatika. Mzigo wa kudumu ni nusu yake. Za kisasa huandikwa mzigo zinaoubeba, kwa hiyo 35 hiyo ingengoja waya uungue kwanza. Tukaweka ya 15. Taa za mbele nazo zikapewa fyuzi zake na rilei ya Toyota iliyofichwa chini ya dashibodi. Wapo wapenzi wa magari ya kale watakaonung'unika kwamba kiwandani haikuwapo. Wanung'unike, baba yangu huendesha gari hilo usiku.

Rangi zote sasa zimeandikwa kwa Kiswahili kwenye ubao mdogo uliopigwa misumari chini ya kiti, kwa ajili ya fundi ajaye. Dainamo bado haichaji sawasawa. Jumamosi baba na shangazi wanakwenda Njoro kuangalia trekta jingine.