Vikaango vya Seramiki vya Buruburu, Rahisi na Ghali

Kikaango cha seramiki ni chombo cha alumini kilichopakwa ndani utando mwembamba unaozuia chakula kushika. Katika mtaa wa Buruburu, Nairobi, huuzwa kwa bei mbili zisizofahamiana. Cha bei rahisi hupatikana sokoni Mutindwa, kikiwa kimetandazwa juu ya turubai kati ya ndala na vifuniko vya sufuria, au kwenye rafu ya chini ya supamaketi, na huondoka kwa shilingi elfu moja na mia kadhaa. Cha bei ghali hukaa ndani ya sanduku lenye picha ya yai, hupita elfu kumi bila haya, na mara nyingi hakikununuliwa Nairobi hata kidogo: kimekuja ndani ya begi la mtoto wa mtaa anayeishi Dallas, kimeviringishiwa fulana na kujazwa chupa za vitamini ili nafasi isipotee.

Seramiki yenyewe si ngeni hapa. Mtaa huu uliojengwa kwa awamu tano kuanzia miaka ya 1970 ulikuwa bado mpya wakati jiko la makaa lenye bitana ya udongo wa kuchoma lilipoanza kuenea Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Jiko hilo hutunza joto na kuokoa makaa, na kazi yake huifanya chini ya sufuria, ambako hakuna anayelisugua. Kikaango kimelipeleka jina hilohilo mahali pa hatari zaidi, kati ya yai na mwiko. Wala ndani yake hamna udongo. Mna silika, dutu ya mchanga na kioo, iliyochanganywa katika umajimaji, ikapulizwa juu ya alumini, kisha ikaokwa mpaka ikawa ngozi nyembamba kuliko unywele. Humo mna silikoni kidogo, nayo ndiyo hulifanya yai liteleze. Silikoni ikiisha, kinachobaki ni sahani ya chuma chepesi yenye rangi nzuri.

Vikaango vya aina hii vilianza kujulikana duniani mwaka wa 2007, kampuni ya Kibelgiji ya GreenPan ilipovileta sokoni. Kabla ya hapo, nonstiki ilikuwa na maana moja tu: PTFE, iliyogunduliwa na Roy Plunkett katika maabara ya DuPont, Marekani, mwaka wa 1938, na kupakwa kwenye vikaango nchini Ufaransa na Tefal katika miaka ya 1950. PTFE ikipashwa moto kupita nyuzi 260 hivi huanza kuharibika, na ikizidi hapo hutoa moshi unaoweza kuua kasuku aliye ndani ya tundu. Kwa kuwa kasuku wengi wa Buruburu ni makopo ya mafuta ya kupikia yenye jina hilo, ilani hiyo haikutisha watu sana. Kilichotisha ni PFOA, kemikali iliyotumika zamani katika kutengeneza PTFE, ambayo wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliitangaza mwishoni mwa 2023 kuwa inasababisha saratani kwa binadamu. Maneno “haina PFOA” huandikwa kwa herufi kubwa kwenye masanduku mengi ya seramiki. Ni kweli tupu. Seramiki haikuwahi kuihitaji kemikali hiyo, kama vile maji ya mfereji yasivyohitaji kutangazwa kuwa hayana mifupa.

Katikati ya seramiki na PTFE kuna kikaango cha “graniti”, chenye madoadoa meupe na meusi. Mnunuzi aliyekilipia akidhani amepata jiwe aelewe kwamba hakuna machimbo yaliyoguswa, Ndarugo wala kwingine. Madoadoa mara nyingi ni rangi tu, na chini yake mna PTFE ileile.

Sasa bei. Utando wa kikaango cha elfu moja na mia tano na wa kile cha elfu kumi na mbili ni ndugu wa tumbo moja. Wa ghali huenda ukawa na tabaka zaidi na ukachelewa kuchakaa, lakini kinachoua mmoja huua na mwingine. Pesa nyingi hununua vitu viwili: unene wa chuma na uaminifu wa mpini.

Unene huonekana siku ya kwanza juu ya mtungi wa gesi wa kilo 6, ule ambao kichomeo chake hufungwa juu ya mtungi wenyewe. Moto wake hupanda moja kwa moja na kupiga katikati. Chuma chembamba hakivumilii dharau hiyo. Katikati hufura na kuinuka. Mafuta hukimbilia kingoni, yai hubaki kilimani, na mpishi hupata mlo ulioungua kati na mbichi pembeni. Kikaango kizito hutawanya joto na kubaki tambarare.

Mpini wa kikaango rahisi hushikwa na skrubu moja. Skrubu hiyo hulegea polepole, bila kelele, na huchagua asubuhi yenye wageni. Mpishi anainua kikaango kuelekea sahani; kichwa cha kikaango kinapinduka; mpini unabaki vilevile, wima, mkononi. Mayai manne ya kienyeji yako sakafuni pamoja na nyanya na dania, na paka wa mtaa mzima amekwisha kupata habari. Jambo la kusikitisha ni kwamba skrubu hiyo ingekazwa kwa ncha ya kisu muda wa kuchemsha chai.

Adui mkuu wa utando, hata hivyo, ni chapati. Kikaango cha seramiki huletwa nyumbani kwa ajili ya mayai, na kwa wiki chache hufuata masharti. Kisha inakuja sikukuu. Kinawekwa kikavu juu ya moto wa mwisho, kinapimwa kwa matone ya maji mpaka yaruke, halafu kinapokea chapati moja baada ya nyingine tangu saa nane mchana hadi giza liingie, kwa sababu moto ukipunguzwa chapati hukauka na jirani hatasahau. Seramiki yenyewe haiyeyuki kwa joto hilo wala haitoi sumu, na hapo watengenezaji wanasema kweli. Silikoni ndiyo inayoungua. Mafuta yanayopakwa pembeni nayo hugeuka vanishi ya kahawia isiyotoka. Asubuhi yai linashika kwa mara ya kwanza, na mwenye nyumba anatangaza kwamba aliuziwa feki. Maagizo ya kutumia moto wa kadiri yalikuwa nyuma ya sanduku, na sanduku lilikwisha kukatwa na mtoto kutengeneza kazi ya shule.

Kikaango kilichonusurika chapati hungojea kuoshwa. Sharti ni sponji laini, na kabla ya hapo kuachwa kipoe, maana chuma cha moto kikimwagiwa maji baridi hujikunja na utando hupata nyufa. Dada wa kazi akielezwa hufuata. Shosho aliyekuja kutoka mashambani kwa miadi ya macho haelezwi, kwa kuwa hakuna anayethubutu. Akikuta ndani ya kikaango ni peusi, huchukulia kuwa ni masizi ya miaka, jambo linalomwaibisha kwa niaba ya ukoo. Hutafuta waya wa kusugulia sufuria, akiukosa hutumia jivu na gunzi, hukaa nyuma ya nyumba kwenye jua, na jioni hukikabidhi kikiwa cheupe, kinang’aa, mtu anaweza kujitazama. “Mmekuwa mkipikia uchafu, mwanangu,” husema, na jibu la pekee linaloruhusiwa ni “Asante, shosho.”

Ili kuepuka mambo hayo, nyumba nyingi hukifunga kikaango ghali. Hasa kile kilichotolewa na chama cha kuchangiana, zamu ya vyombo ilipomfikia mwenye nyumba, huwekwa kwenye kabati la sebuleni, nyuma ya kioo, karibu na glasi za harusi. Huko hukaa miaka kadhaa kikiwa na utando wake wote, huku mayai ya kila siku yakikaangwa kwenye sufuria isiyo na masikio. Sifa ya uimara ambayo baadhi ya vikaango ghali vinapewa na wenyewe inatokana na ukweli huu tu: havijawahi kuona moto.

Kwa wanaopika kweli, hesabu ni fupi. Tuseme kikaango cha shilingi 1,500 kinateleza kwa miezi 8; ni kama shilingi 190 kwa mwezi. Cha shilingi 12,000 kikidumu miaka 2, ni shilingi 500. Ili kilingane na mwenzake kingehitaji kuteleza zaidi ya miaka 5, bila chapati na bila shosho. Kinachofaa zaidi ni cha katikati: kizito chini, mpini wa ribiti badala ya skrubu, kisichotangaza kuwa na almasi ndani yake. Dukani kinyanyuliwe, kiwekwe juu ya kaunta na kubonyezwa ukingoni, kikicheza, kiachwe. Yai linaloteleza mbele ya msichana wa promosheni lisihesabiwe kuwa ushahidi, kwa sababu kila kikaango kipya huteleza. Chapati zipewe chuma kizito kisicho na utando wowote.

Mwisho wa vyote viwili ni mnunuzi wa vyuma chakavu anayepita mtaani na mkokoteni. Alumini ina bei nzuri, maana huyeyushwa ikawa sufuria tena. Kikaango rahisi hung’olewa mpini, hupimwa na kulipwa papo hapo. Kile ghali kina bamba la chuma lililofungwa chini ili kifanye kazi juu ya jiko la induksheni, ambalo mwenyewe hakuwahi kuwa nalo. Mnunuzi hutoa sumaku mfukoni, sumaku inanasa, na kikaango cha elfu kumi na mbili kinalipwa kwa bei ya chuma cha kawaida.