Likizo ya Kobe

Wenzake walifungua maduka chini ya mbuyu. Kobe duka lake alilibeba mgongoni. Sukari ya kupima kulia, mafuta ya taa kushoto, vocha na viberiti vikining'inia shingoni, na juu ya gamba daftari la madeni, zito kuliko bidhaa zote. Alifungua kabla jogoo hajawika, akafunga popo wakishashiba maandazi. Wanyama walimwita Bosi, naye hakukataa.

Siku moja akaja Punda, karani wa Simba, kanenepa, manyoya yanang'aa. Alikuwa ametoka likizo. Simba, asiyependa kuonekana mshamba mbele ya wafalme wenzake, alikuwa amenakili sheria ya binadamu wa Tanzania, ile ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayompa mwajiriwa siku 28 za likizo huku mshahara ukiendelea. (Swala wengi waliishia kuajiriwa kibarua cha kutwa, lakini hiyo ni hekaya nyingine.)

"Na wewe Bosi, likizo yako lini?"

"Mie nimejiajiri, bwana. Naenda siku nitakayo."

"Mara ya mwisho ulitaka lini?"

Kobe akampimia sukari, akampunja kidogo.

Usiku ule akaandika barua: Kwa Bosi, yah: maombi ya likizo. Asubuhi akavaa miwani, akaisoma, akakunja uso, akaijibu: ombi limepokelewa, ila kipindi hiki kazi ni nyingi. Mwezi wa tatu akajibiwa masika yameanza. Mwezi wa saba, biashara imechanganya, mtu haondoki.

Ikabidi aende kwa Bundi, msuluhishi wa migogoro ya kazi.

"Mlalamikaji nani?"

"Mimi."

"Mlalamikiwa?"

"Mimi."

Bundi akavua miwani. "Waajiri wakatili nimewaona. Lakini huwa wanawazuia wafanyakazi wao wasinifikie. Wewe umemleta mwenyewe." Akaamuru siku tatu, kwa malipo.

"Anilipe nani?"

"Mwajiri wako."

Kobe akatia mkono mfukoni, akatoka na risiti ya Chatu.

Chatu alikuwa akitoa ile mikopo iitwayo kausha damu. Rejesho lake ni kila Jumatatu, hata Idi ikiangukia siku hiyo. Wako wanaosema wenye maduka hawapumziki kwa tamaa tu. Hao hawajaamka wakamkuta Chatu kajikunja mlangoni saa kumi na mbili asubuhi, hasemi neno. Ingawa, tuseme ukweli, lile jina la Bosi nalo lilimkolea Kobe.

Basi akaondoka Ijumaa, kadandia mgongo wa Punda, hadi baharini. Hajalowesha hata ukucha, Kaa akagonga gamba.

"Hodi! Nipe nusu ya sukari."

"Nimefunga. Niko likizo."

"Mbona duka umekuja nalo?"

Kobe akakosa jibu, akapima. Nyuma ya Kaa akatokea Pweza, mikono yote minane inataka vocha. Jumamosi jioni gamba likawa tupu, na kwa mara ya kwanza Kobe akajitosa majini, akaelea. Akaelea kidogo tu. Bosi akamfokea: "Mzigo umekwisha, wewe unaogelea? Toka ukafuate mwingine!"

Jumatatu Chatu akapokea rejesho kamili, akalihesabu mara mbili.

"Nasikia ulipumzika, Bosi."

"Kidogo."

"Umefanya vizuri sana. Mwakani nenda wiki nzima. Nauli nitakukopesha."