Mlango wa Chuma wa Mushaki

Tuliporudi Mushaki mwezi wa pili 2025, tuliikuta nyumba imesimama bila mlango. Tulikuwa tumeikimbia mwishoni mwa 2023, vita vilipopanda vilima vya Masisi, tukakaa zaidi ya mwaka chini ya turubai karibu na Goma. Kambi zilipovunjwa tulifunga mizigo, tukapita Sake, tukaukwea mlima. Kuta za mbao zilikuwepo na paa lilibaki nusu, lakini mlango ulikuwa umeng'olewa pamoja na fremu yake. Mama watoto akatundika blanketi mahali pake. Usiku wa Mushaki ni wa baridi kali, na blanketi halizuii ukungu, sembuse mtu.

Siku ya tatu aliniambia, "Baba watoto, mimi silali tena nyuma ya kitambaa. Nimelala hivyo kambini, yatosha."

Mbao za mikaratusi zingepatikana, ila yeye alitaka mlango wa chuma, na baada ya yote tuliyoyaona sikuwa na neno la kumpinga. Nilimwendea fundi mmoja wa Sake. Alinitajia bei ya ndama, na zizi letu lilikuwa tupu.

Wiki hiyo hiyo shemeji yangu, mdogo wake mama watoto, akatokea kutoka Walikale. Nyuma ya pikipiki alikuwa amefunga posti ya kusude, yaani mashine ya kuchomelea vyuma. Haikuwa ya dukani. Fundi wa huko aliisuka kwa mkono, nyaya za shaba zimezungushwa kwenye mabamba ya chuma, imefunikwa kwa bati la kopo, na uzito wake unamshinda mtoto wa miaka kumi na miwili. Kwa miaka kadhaa shemeji alibeba magunia ya mawe kutoka mgodi wa Bisie hadi Njingala, kilo hamsini mgongoni, siku mbili ndani ya msitu. Mgongo ulipokataa, akakaa kando ya barabara akiwatazama mafundi wakiunga fremu za pikipiki na majembe ya wachimbaji. Alitazama sana. Bageti yenyewe, kile kijiti kinachoyeyuka na kuunga chuma, hakuwahi kuishika.

"Nimeona namna wanavyofanya," akasema. "Tutajitengenezea."

Nilimwamini, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa sijui chochote.

Kwanza umeme. Jirani anayechaji simu za watu alitukodisha jenereta lake dogo. Bageti ya milimita mbili na nusu hutaka ampea sabini au zaidi, na kijenereta kile kilizoea taa na simu. Kila shemeji alipogusisha bageti, injini ilishusha sauti kama mtu aliyekabwa koo, kisha ikazima. Mara ya nne jirani alikuja kukichukua chombo chake bila kutulaumu. Tukaenda kuazima jenereta kubwa la kanisa, lile la vyombo vya kwaya, mafuta juu yetu.

Umeme ulipotosha, bageti zikagoma. Ziliganda kwenye chuma, zikawa nyekundu kama makaa, unga wake ukapukutika. Zile zilizokubali kuwaka zilitema cheche ovyo na kuacha vitundu kama vya mkate. Pakiti nzima iliisha hivyo. Aliyegundua sababu ni mama mkwe. Aliichukua bageti, akaikwaruza kwa ukucha, akasema, "Hii imelowa." Tulikuwa tumeziweka pembeni mwa nyumba, juu ya udongo, katika nchi ambayo mvua haipumziki. Akazipanga kwenye uchaga juu ya mafiga, anapokaushia mahindi yake. Kesho yake ziliwaka vizuri. Ukweli ni kwamba ganda la bageti hunyonya maji kutoka hewani, na unyevu huo ukikutana na moto hutoboa kiungo kwa mvuke. Mama mkwe hajawahi kufika karakana, ila anajua kitu kilicholowa hakiwaki sawasawa.

Jambo la macho ndilo lililonifanya niandike.

Tulikuwa na maski moja yenye kioo cheusi, na aliivaa shemeji. Mimi nilishika bomba la mraba lisiteleze, nimevaa miwani ya jua, nikigeuza uso kila moto ulipowaka. Binti yetu alisimama kwenye uwazi wa dirisha. Nilimnyooshea kidole nikimwambia asitazame, akatazama kidole changu, kisha akatazama moto. Macho hayana pazia, na mwanga ule wa buluu na mweupe humvuta mtoto kuliko ngoma.

Jioni tulikula sombe, hatuna habari. Kwenye saa tano za usiku binti akaanza kulia. Alisema kuna mchanga machoni. Mama watoto akawasha tochi amtazame, mtoto akapiga ukelele kwa sababu ya mwanga. Nilitaka kuinuka nimsaidie, nikakuta mchanga huo huo umejaa machoni mwangu. Machozi yalinitoka kama niliyefiwa, na sikuweza kufungua kope. Chumba cha pili, shemeji alikuwa anatetemeka kwa homa na baridi, kifua kinambana. Mama watoto alibaki peke yake, wagonjwa watatu, mlango blanketi.

Majirani waliitika kama watu wa Masisi wanavyoitikiana. Mmoja alileta maziwa yaliyokamuliwa jioni ile, tuyadondoshee machoni. Mwingine alikata viazi vyembamba atufunike navyo. Hapa kwetu maziwa na viazi ni mali yetu, ndiyo maana huwa dawa ya kwanza ya kila kitu. Mama mkwe alikataa vyote viwili. Alichemsha maji, akayapoza, akatufunika macho kwa kitambaa safi kilicholoweshwa. Usiku huo sikulala. Nilisikiliza binti yangu akisugua macho gizani na nikamwomba asisugue, huku nikijua kwamba mimi ndiye niliyemweka pale.

Asubuhi tulishikwa mkono hadi kituo cha afya. Muuguzi alituuliza swali moja tu: jana mlifanya kazi gani? Kisha akatueleza. Moto wa kusude hutoa miale ile ile ya jua inayounguza ngozi, ila mikali zaidi na karibu zaidi, nayo huunguza utando wa mbele wa jicho. Maumivu hayaji papo hapo. Huja baada ya saa sita au zaidi, mtu akishalala. Miwani ya jua haitoshi, na kuwa pembeni hakutoshi. Maziwa mabichi yana vijidudu vinavyoweza kuingia kwenye kidonda cha jicho. Alitupa dawa ya maumivu, akatuambia tukae gizani, na maumivu yasipokwisha baada ya siku mbili turudi upesi.

Homa ya shemeji, muuguzi alidhani ni malaria, akampima, hapakuwa na malaria. Akamuuliza kama moshi wa jana ulikuwa mweupe. Ulikuwa mweupe. Mabomba yetu yalikuwa yamepakwa zinki yasishike kutu, na zinki ikiungua, moshi wake huleta homa inayofanana na malaria. Mafundi wengi hunywa maziwa wakiamini yanasafisha moshi kifuani. Maziwa ni chakula kizuri. Kinachokinga ni kukwangua zinki kabla ya kuunga na kufanya kazi mahali penye upepo.

Binti alikosa shule siku mbili. Tulipona sote.

Siku ya kumi alipita mzee mmoja, fundi wa zamani, akauona mlango wetu umeegemea ukuta, umepinda kama jani kavu. Tulikuwa tumechomelea upande mmoja mfululizo, na chuma kikipoa hujivuta kuelekea upande ulioyeyuka. Nilimwambia tumeharibu kila kitu. Akajibu, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi." Akavua koti.

Aliukata mlango ukarudi vipande, akaanza upya nasi. Maski zilikuwa mbili sasa, watoto wote nyumbani kwa jirani. Alitufundisha kupiga doa moja kila kona, kwa kukatisha, kupima kwa kamba, kisha ndipo kuunga, kipande huku na kipande kule, ili chuma kisijivute. Alitufundisha kuiweka ncha ya bageti mbali na chuma kadiri ya unene wa bageti yenyewe, na kusikiliza. Moto ukiwa sawa husikika kama mafuta yanayokaanga samaki. Ukipasuka-pasuka, umeenda mbali, ukinyamaza, umeganda. Shemeji alifumba macho ndani ya maski akasikiliza, na kwa mara ya kwanza akaacha mshono ulionyooka. Tuliligonga ganda jeusi kwa nyundo, chini yake chuma kikang'aa. Mzee alipokea debe la viazi na jibini moja, akakataa pesa.

Nimemfikiria sana shemeji tangu siku ile. Mawe aliyoyabeba Bisie huyeyushwa yakawa bati, na karibu nusu ya bati la dunia hutumika kuungia nyaya ndani ya simu, redio na kompyuta. Mgongo wake umesaidia kuunga vitu vya watu asiowajua, Marekani hadi China, na yeye mwenyewe hakupata mtu wa kumshika mkono kwa saa moja amfundishe kuunga mabomba mawili. Vituo vya mafunzo vya INPP na Don Bosco Ngangi hufundisha kazi za mikono mjini Goma, lakini kutoka Walikale hadi Goma ni safari ya barabara mbovu na vizuizi, na kijana asiye na nauli hujifunza kwa kutazama moto. Ndicho kitu pekee ambacho katika kazi hii hupaswi kukitazama.

Kwa hiyo ninawaomba mafundi wetu, wa Masisi, wa Walikale na popote: kijana akisimama kando ya karakana yako, usimfukuze na usimwache atazame. Mpe maski, umwite karibu. Nawe unayetaka kujaribu nyumbani, nunua maski mbili kabla ya bageti ya kwanza, ya pili iwe ya anayekushikia chuma, na uwapeleke watoto mbali. Chuma kilichopinda hukatwa kikaungwa tena. Jicho haliungwi.

Mlango wetu umesimama. Mama watoto huufunga mwenyewe kila jioni, komeo mbili, kisha analala.