Barua ya wazi kwa wakurugenzi wa Merck: tunaomba risiti

Waheshimiwa wakurugenzi,
Rahway, New Jersey, Marekani.

Tunawaandikia kutoka Vuhovi, kwenye milima ya Bashu, mashariki ya Butembo, nchini Kongo. Kahawa inachumwa, na barabara ni ileile ambayo madereva wetu huisifu kwa matusi. Tunaomba radhi kwa kuchelewa. Mtu akipewa kitu hushukuru kesho yake. Sisi imetuchukua miaka, kwa kuwa muda wote huo tulikuwa tunachunguza nani hasa alitupa nini.

Niseme mapema kwamba barua hii ni ya Merck ya Marekani, ile ambayo nje ya Marekani na Kanada hujiita MSD. Ikiangukia kwa Merck ya Wajerumani wa Darmstadt kwa bahati mbaya, tunawaomba wasijipokelee shukrani zisizo zao.

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali yetu ilitangaza Ebola kule Mangina, upande wa Beni. Ilipotangaza kwisha kwake, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 wamekufa. Vuhovi ilikuwa mojawapo ya zoni za afya zilizopigwa. Katikati ya msiba huo mlitoa chanjo yenu, ambayo sasa inaitwa Ervebo, bila kudai hata franka moja, na watu zaidi ya 300,000 wakakunja mikono ya mashati. Chanjo ilifanya kazi. Nalisema hili bila kupepesa macho, ili asitokee wa kuichukua barua hii akaenda nayo kwenye kilabu cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kuhubiri kwamba Ebola ilikuwa uongo. Tulizika.

Tatizo lilikuwa lile neno "bure".

Waheshimiwa, Butembo ni mji wetu sisi Wanande, mji wa wafanyabiashara. Watu wake husafiri hadi Guangzhou na Dubai wakarudi na makontena ya vitenge na vipuri vya pikipiki, na wakichoka kuingojea Kinshasa hujichangia wenyewe wakatengeneza barabara. Mtoto wa huko hujua bei ya kilo ya kahawa kabla hajajua kuandika jina lake. Mtu wa namna hiyo ukimwambia "chukua, ni bure", hasemi asante. Anakutazama, kisha anauliza: nani amelipa? Mabwana wa riposti, yaani ile operesheni ya kupambana na Ebola, walilisikia swali hilo kila kijiji, na kwenye ripoti zao wakaliandika kama ukaidi.

Mkitaka takwimu, zipo. Septemba 2018 watafiti waliwahoji watu wazima 961 wa miji ya Beni na Butembo. Kama robo yao walisema Ebola haipo. Waliowaamini viongozi wa mahali pao hawakufika theluthi. Dunia ilishikilia hiyo robo, ikashangaa sana. Hiyo theluthi haikumshangaza mtu, na ndiyo iliyobeba habari yote.

Nilikuwepo siku timu ya chanjo iliposhuka kwenye gari la jeep katika kijiji ambacho sitakitaja. Vijana wawili walilishusha sanduku la baridi taratibu, kama watu wanaobeba mtoto mchanga. Tukaelezwa kwamba chanjo hii hutunzwa kwenye nyuzi 60 hadi 80 chini ya sifuri. Bibi mmoja, aliyekwisha kufunga kikwembe chake vizuri tayari kwa sindano, akauliza baridi yote hiyo imepita njia gani kufika kwetu, maana alipompeleka mjukuu wake chanjo ya surua aliambiwa frigo ya kituo imekufa. Kijana akamjibu kwa adabu kwamba hilo halihusiani na kazi ya leo. Bibi akatoa bega, akachanjwa, akapewa kadi yake, akaondoka na swali lake mkononi pamoja na kadi.

Mimi nalileta kwenu, kwa sababu surua mnaijua. Chanjo yake ninyi wenyewe mlianza kuiuza mwaka 1963, miaka mitatu tu baada ya uhuru wetu. Hata hivyo, kuanzia 2019 hadi mwanzoni mwa 2020 surua iliua zaidi ya watu 6,000 nchini Kongo, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano. Idadi hiyo inapita mara mbili waliouawa na Ebola iliyotuletea magari ya jeep. Huku kwetu wazee walieleza tofauti hiyo kwa ufupi: surua haipandi ndege kwenda kwenu.

Kulikuwa na jambo jingine. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni walikuwa wakichinjwa kwa mapanga, na kwa miaka minne hatukuona msururu wa magari ya jeep. Ilipokuja Ebola, yakaja. Kisha Desemba 2018, siku nne kabla ya kura, tume ya uchaguzi ikasema Beni na Butembo hazitapiga kura ya rais, kwa sababu ya Ebola na usalama. Masoko, shule na makanisa yaliendelea kuwa wazi. Watu wa Beni wakapanga foleni wakapiga kura yao ya kuigiza. Wazungu wakauliza kwa nini hatuiamini riposti. Haya, jibuni wenyewe.

Kuna mambo hatuwezi kuyatania. Tarehe 19 Aprili 2019, Dakta Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na WHO, aliuawa kwa risasi hospitalini Butembo. Vituo vya matibabu vilichomwa. Mgeni aliyekuja kututibu akarudi kwao ndani ya sanduku, na hakuna swali la soko wala la uchaguzi linaloweza kulipia hilo. Deni hilo ni letu.

Turudi kwenye hesabu, maana ndiyo iliyonikalisha mezani. Nimeuliza, nimesoma, nimejumlisha. Chanjo yenu ilibuniwa katika maabara ya serikali ya Kanada, mjini Winnipeg, kwa kodi za Wakanada. Mwaka 2010 Kanada iliipa leseni kampuni ndogo iitwayo NewLink kwa dola kama 200,000. Mwaka 2014, Ebola ilipoitikisa Afrika Magharibi, ninyi mkaichukua kutoka kwa NewLink kwa dola milioni 50. Mwaka 2015 wanavijiji wa Guinea wakatoa mikono yao kuthibitisha kwamba inakinga. Mwaka 2016 shirika la Gavi likawatangulizia dola milioni 5 ili muweke akiba ya dozi. Na Desemba 2019 Marekani ilipoiidhinisha rasmi, iliwazawadia kuponi ya kuharakishiwa ukaguzi wa dawa nyingine yoyote mnayotaka. Kuponi kama hizo miaka hiyo ziliuzwa kwa takriban dola milioni 100.

Hesabu hii nilimwonyesha mfanyabiashara mmoja wa Butembo. Aliisoma mara mbili, akavua miwani, akasema: "Hawa ni Wanande kabisa. Ukoo gani?"

Kwa hiyo msidhani tunawalaumu kwa kupata faida. Huku faida si dhambi, na mwaka huo wa 2019 mliuza bidhaa za dola bilioni 46.8, ambazo bajeti ya nchi yetu nzima ya mwaka huo haikufika robo yake. Kinachotusumbua ni daftari. Upande wa watoaji imeandikwa Merck peke yake. Mlipa kodi wa Winnipeg hayumo, mwanakijiji wa Guinea hayumo, na yule bibi mwenye kikwembe ameandikwa upande wa waliopokea, wakati wengi wa waliochanjwa walitia saini ya kukubali dawa ambayo ilikuwa bado haijapata idhini. Huyo naye ametoa kitu. Wajawazito hawakupata hata nafasi hiyo hadi Juni 2019, miezi kumi ya hatari, eti kwa kuwalinda. Na Mei mwaka huo washauri wa WHO waliposhauri dozi ipunguzwe ili iwatoshe wengi, sokoni kwetu jambo hilo halikuhitaji mtafsiri. Kila mama anamjua muuza maharagwe anayeingiza kidole gumba ndani ya kopo.

Basi ombi letu ni dogo. Tuandikieni risiti. Iwe na majina ya wote waliolipa, na walicholipa: fedha, maabara, mikono, miezi ya kungoja. Tutaibandika ukutani kituoni, juu ya frigo, ili timu itakayofuata ikiulizwa nani amelipa iwe na cha kuonyesha, na bibi asiandikwe mkaidi.

Nasikia mwaka 2021 hata bei ikapatikana: Unicef ikawa inainunua kwa karibu dola 100 kwa dozi, kwa ajili ya akiba ya dunia. Habari hiyo ilipokelewa Butembo kwa faraja. Februari mwaka huohuo Ebola ilirudi upande wa Biena, watu 12 wakaugua na sita wakafa, na chanjo ikafika ndani ya siku chache. Safari hiyo maswali yalikuwa machache.

Mkiandika, andikeni kwa Kiswahili, au Kinande mkiweza. Kifaransa tuliachiwa kingi na riposti.

Wenu,
mmoja wa waliochanjwa, Vuhovi.